Mkono wa watu sita

Aliyeanzisha haya ni binti ninayemfundisha kushona. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mvua imetufungia kibandani pale Makoroboi, mjini Mwanza, mteja hata mmoja hakuna. Nikamwambia achukue futi anipime, afanye mazoezi. Akazungusha kiunoni, akanyamaza. Akazungusha tena.

"Mama, 39."

Nikamwambia amekosea, futi imejikunja mgongoni. Nikaishika mwenyewe mbele ya kioo. 39. Nikafungua daftari la vipimo, kule nyuma ninakoandika vya kwangu. Mara ya mwisho nilijipima kwa ajili ya gauni la harusi ya binti yangu mkubwa, miaka miwili iliyopita, na nilikuwa 34.

Mteja akinenepa, gauni likamkaba, mimi humwambia kitambaa kimerudi baada ya kufuliwa. Anafurahi, nami nafungua mishono. Sasa mimi mwenyewe nitajiambia nini?

Dalili zilikuwepo, sema sikutaka kuzisoma. Naishi Igogo, juu kule kwenye mawe, na anayeijua milima ya Mwanza anajua kwamba nyumba zetu zinafikiwa kwa vingazi vilivyochongwa katikati ya miamba. Zamani nilikuwa napanda na ndoo kichwani bila kusimama. Mwaka huu nilikuwa nasimama mara tatu, najifanya natafuta simu kwenye mkoba. Usiku nilikuwa naamka na kiungulia kimefika kooni. Muuguzi aliyenipima presha aliniuliza nakula saa ngapi na nalala saa ngapi. Nilipomjibu kwamba nakula saa tatu na nalala saa tatu na nusu, alicheka, akasema basi hata chakula chenyewe hakijapata nafasi ya kukaa vizuri.

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa nakula vitu vya ajabu. Soda si mpenzi. Chipsi mayai nakula kwa msimu. Nilikuwa nakula chakula kile kile cha nyumbani: ugali wa dona, sato, dagaa, mchicha, Jumapili wali. Kwa hiyo kila nilipotafuta kosa kwenye sahani sikuliona. Nilichelewa sana kujua kwamba kosa lilikuwa kwenye sufuria.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu sita: mimi, mume wangu, binti mkubwa, mapacha wangu, na mtoto wa wifi yangu. Binti akaolewa Geita. Kulwa na Doto wakaenda chuo Dodoma, mwaka mmoja, wote wawili kwa pamoja kama walivyokuja. Mtoto wa wifi akarudi kwao Sengerema. Mume wangu ni dereva wa malori, anapakia Isaka kwenda Kigali, nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi. Nikabaki mimi, na mkono wangu. Mkono haukupewa taarifa kwamba watu wameondoka.

Mkono huo niliurithi kwa marehemu mama, hapa hapa Igogo, ambako tulikuwa tisa. Viwanda vya minofu vilikuwa vinachukua sangara, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunanunua mapanki: kichwa, mgongo na mkia, na kanyama kalikobaki kwenye mifupa. Mama aliyakaanga mpaka mifupa ikalia, kisha akayaunga na nyanya na kitunguu kingi. Halafu mwaka 1999 Ulaya ikazuia samaki wa Ziwa Victoria, bei ya sangara ikaanguka, na sangara mwenye nyama yake yote akaingia jikoni kwetu. Watu wazima walikuwa wanalia kwamba kazi zimesimama. Wadogo zangu walikuwa wanashangilia. Mama akapika kipindi kile kama mtu anayeweka akiba matumboni mwetu, na mimi, binti wa miaka ishirini na kitu, nilikuwa pembeni yake nikishika sufuria asonge. Pale ndipo nilipojifunza kwamba chakula kikiwa kingi unakila, kwa sababu kesho ni ya Mungu. Na kumwaga ugali, kwa mama, ilikuwa karibu sawa na kutukana.

Basi nikawa napika sufuria ile ile peke yangu. Usiku nakula mpaka nashiba, kisha naangalia kilichobaki naona si kingi, naongeza. Unajua mtego wa ugali ulivyo: mboga ikibaki unaongeza tonge, tonge likibaki unaongeza mchuzi, na hakuna siku viwili hivyo vimeisha kwa pamoja. Kiporo nakinywea chai asubuhi, na ukoko natafuna huku najipaka mafuta.

Jambo la kwanza nililojaribu lilikuwa kuacha kula usiku. Siku ya tatu nilijikuta saa tano usiku nimechuchumaa jikoni nakwangua ukoko gizani, nchi nzima imelala. Nikaacha.

Kisha mteja mmoja, mwanamke mwembamba anayejua kila kitu, akaniambia niache ugali kabisa, nile mboga na matunda. Nilimaliza siku nne. Msukuma aliyekula mapapai na mchicha bila ugali, ukimuuliza kama amekula atakwambia bado. Siku ya tano nilisonga ugali wa kulipiza kisasi.

Kilichonifungua macho ni mzani wa dukani. Nilimwaga unga kwenye mfuko kwa kipimo cha mkono, vile ninavyomwaga kila jioni bila kufikiri, nikamshukia mwenye duka hapo chini, nikamwomba anipimie. Robo tatu na kitu. Yule kijana akauliza, "Mama Kulwa, una wageni?" Nikamjibu ndiyo. Nilipokuwa napanda kurudi, nikasimama mara zangu tatu, nikawaza kwamba mgeni mwenyewe ni mimi.

Nikanunua sufuria ndogo, ile watu wanayochemshia maziwa ya mtoto. Na hapa nitoe malalamiko yangu, maana sijasikia mtu akiyasema: ugali mdogo ni mgumu kusonga kuliko mkubwa. Sufuria kubwa inatulia jikoni, ina uzito wake, unaukandamiza ugali nayo imekaa. Ndogo inazunguka na mwiko. Wiki ya kwanza niliimwaga mara moja na kuunguza mkono mara mbili, na ugali ulijaa madonge ya unga kama umesongwa na mwanafunzi. Mwiko wangu wa zamani ulikuwa kama kasia ndani ya beseni. Ikabidi ninunue mwiko mdogo, nijifunze kuibana sufuria kwa kitambaa, na kupima kwa kikombe cha chai kama mtu anayepika keki: maji vikombe viwili, natoa unga kidogo nakoroga uji kwanza, uji ukishachemka vizuri namalizia, jumla unga kikombe kimoja na nusu. Unatoka ugali wa mtu mmoja mwenye njaa ya kweli. Kupima kwa kikombe niliona aibu. Nilikuwa nafunga mlango.

Unga ulitii, samaki wakakataa. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba fungu ndiyo nafuu, na mimi niliyezoea kununua fungu, kuomba sato mmoja naona kama naomba msaada. Nikawa nanunua fungu, nakaanga wote wasiharibike, wawili nakula, mmoja nampelekea jirani.

Jirani yangu ni bibi wa Ukerewe, mjane, chumba chake kimekaa juu ya mwamba kuliko changu. Nilifikiri nimepata dawa: kinachozidi kinapanda kwa Bibi. Nilisahau kwamba Bibi amelelewa vizuri. Sahani ya watu hairudi tupu. Nikipeleka sato jioni, asubuhi sahani inashuka na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga. Nikipeleka wali, inarudi na ugali wa muhogo uliofunikwa na bakuli la furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukausha. Na vya Bibi ni vitamu, huwezi kuvigusa ukaacha. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nakula changu na chake.

Siku moja ameshuka mwenyewe na sahani, akakaa kwenye kizingiti akihema.

"Mama Kulwa," akasema, "wewe unaninenepesha na mimi nakunenepesha. Siku moja vijana watatushusha mlima huu kwa machela."

Nikamwambia, "Bibi, basi usiwe unarudisha sahani na kitu."

"Mwanangu, unataka nikurudishie tupu, watu waseme nini?"

Tulipatana palepale. Siku moja napika mimi, siku moja anapika yeye, sinia moja, na hakuna sahani kupanda wala kushuka. Saa moja na nusu tunakula, kwa sababu Bibi akichelewa zaidi analala na njaa yake.

Nilidhani faida itakuwa kwenye mkaa. Faida ilikuwa kwenye mwendo. Peke yangu nilikuwa namaliza kula kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo. Kwa Bibi haiwezekani. Kwanza tunanawa. Kisha anaanza mkubwa, na mkubwa hana haraka. Meno yake ya juu yamebaki machache, tonge analizungusha kama anasikiliza kitu ndani yake. Mimi siwezi kuchovya mara tatu naye bado na la kwanza, nitaonekana nimetoka wapi? Halafu anahadithia, na hadithi zake zina watu wengi. Mpaka tunafika nusu ya sinia, nashtuka nimeshiba. Yule muuguzi alikuwa ameniambia tumbo linachukua kama dakika 20 kutoa taarifa, mimi nikadhani ni maneno ya hospitali.

Bibi pia alinibadilishia sato. Mimi nilikuwa wa kukaanga tu, mafuta mpaka samaki aelee. Yeye anapika chukuchuku: samaki mbichi, nyanya, kitunguu, ndimu, chumvi, pilipili nzima isiyopasuliwa, maji kidogo, anafunika. Mwanzoni niliuona mchuzi wa wagonjwa. Sasa ndio ninaoutaka. Na sato wa mchuzi huwezi kumla kwa pupa, mwiba utakukumbusha adabu.

Mboga zetu sasa zinafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo giza likiwepo wanapatikana, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Bibi hana haja ya kuuliza sokoni, anatoka nje jioni anaangalia juu, anasema, "Wiki hii tule majani." Dagaa nawaandaa mimi maana macho yake hayaoni vichwa: natoa vichwa, nawaosha kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne mpaka mchanga uishe, nawakaanga kidogo tu wakauke, ndipo nyanya. Konzi tatu zinatutosha wawili. Hilo la dagaa nalipenda, unaweza kupima kwa konzi bila kumwomba mtu akuuzie nusu.

Ninapoangukia bado ni kwenye nsansa. Majani ya kunde yaliyokaushwa, yakapikwa na karanga za kusaga mpaka mafuta yakaelea juu. Hapo sina Bibi, sina sinia, sina adabu. Siku ya nsansa nakula mpaka nalegeza kanga, na kiungulia changu kinanisubiri kitandani kama mume aliyechelewa kufunguliwa mlango. Tumekubaliana iwe mara moja kwa wiki mbili.

Mume wangu aliporudi mara ya kwanza na kuona ile sufuria ndogo, aliinua mfuniko, akaurudisha polepole.

"Mama Kulwa, huu ugali ni wa kuonja?"

Sikumlazimisha. Mtu ametoka Kigali kwenye lori, anasongewa wake. Siku zake napika vikombe vitatu, na mimi nakula langu upande wa Bibi kwenye sinia. Safari ile alinuna, iliyofuata akahamishia kiti chake kwenye sinia.

Mwezi wa kumi binti wa kibandani alinipima tena. 36. Alitaka kusema 35 anifurahishe, nikamwambia fundi hasemi uongo mbele ya futi, za wateja ni nyingine. Vingazi napanda nikisimama mara moja tu, tena pale kwenye jiwe kubwa ambapo ziwa linaonekana lote mpaka meli bandarini. Ninasimama kuangalia ziwa. Ndivyo ninavyosema.

Desemba mapacha wakaja likizo. Nikaishusha sufuria kubwa kutoka juu ya kabati, nikaipangusa vumbi, nikabandika maji, nikachota unga kwa mkono kama zamani. Mkono ukasita. Nikamwaga, nikaona umetosha. Tulikuwa watano na Bibi, mume wangu naye alikuwepo. Sinia lilikwisha kabla Bibi hajamaliza tonge la tatu, na Doto akaanza kukwangua ukoko.

"Mama, siku hizi unapika kama wa hotelini."

Nikamtuma dukani akachukue unga kabla hawajafunga. Nikasonga wa pili, na huo wa pili nao nikala.