Pointi 16

Barua ya kuacha ualimu niliipeleka mwaka 2021, lakini safari yangu ya kuwa mtengenezaji wa programu naihesabu tangu asubuhi moja ya Agosti 2019, katika shule ya kata mkoani Morogoro nilikokuwa nafundisha Hisabati.

Nilikuwa pia mwalimu wa taaluma. Aliyewahi kushika nafasi hiyo anajua: mitihani ikishasahihishwa wenzako wanapumzika, wewe unabaki na kalkuleta. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Unachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa, unajumlisha. Kuanzia 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu. Watahiniwa 118 kwa mkono zilikuwa siku tatu nzima.

Mwaka ule nilikuwa na miezi mitano ya kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa bando la usiku na kompyuta mpakato ya kuazima. Nikaandika programu ya kupanga madaraja ya moko, mtihani wa majaribio, ya Kidato cha Nne. Kazi ya siku tatu ikaisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Nikawakokotoa watahiniwa watano kwa mkono, wote wakalingana. Nikachapa, nikabandika ubaoni mwenyewe, na usiku ule usingizi haukuja kwa furaha.

Kesho yake saa nne, binti mmoja alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu, daftari kalikumbatia kifuani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Naomba uniangalizie pointi zangu.”

Macho yalikuwa mekundu. Ubaoni nilikuwa nimempa Daraja la Tatu, pointi 22, na nyumbani kwao habari ilikuwa imeshafika. Akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Alikuwa amepiga mistari kwa rula na kupanga masomo yake tisa: Uraia C, Historia D, Jiografia C, Kiswahili B, Kiingereza C, Fizikia D, Kemia C, Baiolojia A, Hisabati A. Saba kayazungushia kalamu nyekundu. Chini kaandika 16.

Nikajumlisha. 16. Nikarudia. 16.

“Nilijua nimekosea mimi,” akasema. “Nimehesabu mara nne.”

Maneno hayo yaliniuma kuliko kosa lenyewe. Mtoto alikuwa amekesha akijitilia shaka kwa sababu karatasi yangu ilitoka kwenye kompyuta.

Nikafungua programu huku amesimama pembeni yangu. Niliandika pointi[:7], yaani saba za mwanzo, si saba zilizo bora. Kwenye orodha Baiolojia na Hisabati hukaa mwisho, kwa hiyo kila mwanafunzi wa sayansi niliyatupa masomo yake mawili bila kuyatazama. Wa sanaa wana masomo saba tu, hawakuguswa, na wale watano niliowahakiki wote walikuwa wa sanaa. Nikabadilisha ikawa sorted(pointi)[:7], yaani zipangwe kwanza kuanzia ndogo, ndipo zichukuliwe saba. Watahiniwa 19 wakahama daraja.

Nilikwenda kuibandua ile karatasi mbele ya wanafunzi, nikawaambia kosa ni langu. Mkuu wa shule akanitaka nirudi kwenye kalkuleta. Alikuwa na haki. Ila mimi nilikuwa nimeshashikwa: nilitaka kujua ni wapi pengine nimemdhulumu mtu. Kwa wiki mbili, baada ya vipindi, niliwapitia wote 118 kwa mkono nikilinganisha na programu, bila kutumwa na mtu. Ufundishaji niliupenda, lakini sikuwahi kuufanya kwa njaa ile.

Jioni ya siku ya kwanza, binti yule alirudi kuhakikisha jina lake limerekebishwa. Aliitazama shiti mpya muda mrefu.

“Mwalimu, na ambaye hakufanya mtihani mmoja?”

“Vipi?”

“Si atakuwa na masomo sita? Programu inamjumlishia sita tu, pointi zake zinakuwa chache. Atanipita mimi.”

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nikamsogezea kiti cha pili, nikaiwasha tena kompyuta.