Leo mbele ya Msalaba wa Magellan

Nimeshinda leo mjini Cebu, bandari kongwe ya Ufilipino ambako Ferdinand Magellan, baharia Mreno, alitia nanga Aprili 1521.

Msalaba wake umo katika kibanda cha mawe, jirani na Basilika ya Santo Niño. Kinachoonekana ni gamba la nje tu. Inaelezwa kwamba mti wa asili umefunikwa ndani yake, kwa kuwa waumini walikuwa wakiumega vipande wakiamini una miujiza.

Hapo nje, mama mmoja muuza mishumaa alimuuliza mteja jina na haja yake, kisha akainua mishumaa na kumwombea huku akicheza taratibu, hatua mbili mbele, moja nyuma, macho ameyafumba.

Nilimtazama kwa muda mrefu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na Magellan huyo huyo alikuwamo katika msafara wa meli za Kireno ulioongozwa na Francisco de Almeida, ambao mwaka 1505 uliivamia Kilwa na kuuteketeza mji wetu. Hapa Ufilipino aliuawa Aprili ile ile ya 1521, kisiwani Mactan, na wapiganaji wa Lapulapu, mtawala wa huko.

Ndugu zangu wa Mombasa na Kilwa, je, mliwahi kufundishwa habari hii shuleni? Niandikieni.