Ninavyochunguza mizuka katika jela kuukuu

Jela ya zamani ina kila kitu cha kumtisha mtu hata kama hakuna mzuka: milango ya chuma, korido ndefu zisizo na kitu cha kumeza sauti, na kuta nene zinazoachia usiku joto zilizolipata mchana. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yangu huifanya kabla jua halijazama.

Nikishapata kibali cha maandishi, nazunguka jengo lote na kuchora ramani: nyaya na mabomba yanapopita, vioo vilivyovunjika, mahali wanapolala popo na njiwa. Barakoa ya FFP2, inayochuja vumbi laini, ni lazima. Vinyesi vikavu vya popo huweza kubeba vijimbegu vya kuvu vinavyoumiza mapafu, na rangi ya zamani inayobambuka mara nyingi ina madini ya risasi.

Kila mlango wa seli naupima kwa pimamaji. Fremu ikiinama, mlango hujifunga wenyewe, na hapo hadithi imekwisha. Tena chuma hunywea kikipoa: mlango wa mita 2 ukipoa kwa nyuzi 10 hupungua takriban robo ya milimita. Komeo lenye kutu lililobana likiachia kiasi hicho hicho, hupiga mlio utakaodhani mtu kalivuta. Kwa hiyo nachora mstari wa chaki unaovuka kutoka mlangoni hadi kwenye fremu. Mlio ukisikika na mstari haujakatika, mlango haujahama pale ulipokuwa.

Kipimajoto cha kuelekeza kama bastola sikitumii kutafuta "hewa baridi", maana hupima uso wa kitu, si hewa. Kwenye nondo zinazong'aa ndiyo hudanganya kabisa, kwa sababu husoma joto la vitu vinavyoakisiwa humo. Natundika vipimajoto vinavyojirekodi kila dakika, tangu siku moja kabla, ili nijue kawaida ya kila seli. Kipima sumakuumeme cha bei nafuu nacho mara nyingi husoma upande mmoja tu. Kigeuze pande tatu, zima simu na redio zote za mkononi, kisha zima swichi kuu ya jengo. Namba ikishuka, umempata mchawi: ni nyaya.

Sauti ndiyo inayoleta ubishi zaidi. Naweka vinasa sauti vitatu: kimoja ndani ya seli, kimoja mwisho wa korido, kimoja nje ya ukuta. Vyote vinarekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa), kHz 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, na ule mfumo wa kujiongezea sauti umezimwa. Ukiuacha, kimya hugeuka mvumo na mvumo hugeuka "maneno". Napiga kofi moja kali mwanzoni na jingine mwishoni, nipate kuzioanisha rekodi, kwa kuwa saa za vinasa huachana taratibu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo vinasa vikiwa mita 34 mbali, tofauti ya sehemu moja ya kumi ya sekunde inaonyesha ilikotokea. Iliyoanza kufika kwenye kinasa cha nje imetoka nje. Na anayekohoa au kunguruma tumbo aseme hapo hapo, kwa sauti ya kawaida. Kunong'ona kunaharibu usiku mzima.

Wanaosikiliza baadaye hawaambiwi wenzao wamesikia nini. Kila mmoja anaandika peke yake. Mtu akishatajiwa neno, sikio lake hulileta.

Kuna pia mitetemo isiyosikika. Mhandisi Vic Tandy wa Coventry, Uingereza, alieleza mwaka 1998 jinsi feni ilivyozusha wimbi la sauti la karibu Hz 19 (mitetemo 19 kwa sekunde) katika maabara yenye sifa ya mizuka, wimbi aliloamini ndilo lililowatia watu hofu. Kinasa cha kawaida hakishiki vizuri sauti ya chini hivyo. Kunahitajika maikrofoni ya vipimo.

Vimviringo vyeupe kwenye picha sivihesabu. Ni vumbi lililo karibu na lenzi likipigwa na flashi, na jela haiishiwi vumbi. Kinachobaki bila maelezo nakiandika hivyo hivyo, pamoja na saa, namba ya seli, joto na majina ya waliokuwa ndani.