Kutoka Kampala hadi Bududa kwa waya wa mita 20

Ukichora duara la kilomita 400 kwenye ramani, kitovu kikiwa Kampala, karibu Uganda nzima inaingia ndani. Kwa mstari ulionyooka Bududa iko kilomita 210 hivi, Gulu 275, Kasese 280, Arua 350, Kisoro 365. Kwa watu wa redio ya ridhaa, yaani wanaorusha kwa hiari na bila biashara, huo ndio umbali mgumu kuliko yote. Redio ya mkononi ya VHF haifiki huko hata ukipanda kilima cha Kololo. Antena ya HF (masafa mafupi, yanayofika mbali) iliyoinuliwa juu sana nayo inawaruka watu wa Mbale na kwenda kutua Ulaya. Klabu inaweza kujaza ukuta kwa kadi za QSL, zile za kuthibitisha mawasiliano, kutoka nchi za mbali, halafu ikashindwa kuipata Kasese siku mto Nyamwamba unapofurika.

Na siku hizo zina majira yake. Maporomoko ya udongo ya Nametsi, Bududa, yalitokea tarehe 1 Machi 2010. Bukalasi ilikuwa Oktoba 2018, Bulambuli Novemba 2024. Kasese ilifurika Mei 2013, ikafurika tena Mei 2020. Mbale ilikuwa mwisho wa Julai 2022. Kwa hiyo zoezi la klabu linalofanywa Desemba kwa sababu watu wako likizo halina maana sana. Fanyeni Februari na Agosti, mvua kubwa zikikaribia, ili betri iliyokufa ipate muda wa kubadilishwa.

Simu zina udhaifu wake nyakati hizo. Umeme ukikatika mnara unakula betri zake kwa saa chache, kisha unategemea jenereta, na jenereta inategemea gari la mafuta linalopita barabara ile ile iliyofukiwa. Mnara wa katikati ukizima, ile inayopitishia mawasiliano yake hapo inakwama pia. Inayobaki hai inalemewa, maana kila mtu anawapigia ndugu zake dakika ile ile.

Jibu la umbali huu ni dipole, yaani antena ya waya wenye pande mbili sawa, ya bendi ya mita 40 (huo ni urefu wa wimbi, siyo wa waya), iliyofungwa chini. Wengi wanaona aibu kufunga antena chini, wanadhani ni uvivu. Ukiifunga mita 5 hadi 8 kutoka ardhini, mawimbi mengi yanapanda karibu wima, yanagonga ionosfia, tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi, na kushuka pande zote, kuanzia hapo ulipo hadi kilomita 400 au zaidi. Mlima ulio kati yenu hauzuii kitu kwa sababu mawimbi yanatoka juu. Kwa mtu aliye ndani ya bonde la Bududa, kuta za mlima kila upande, hiyo ndiyo njia pekee ya bei nafuu.

Masafa ya kulenga ni 7110 kHz, ambayo Kanda ya 1 ya IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, imeyatenga kama kitovu cha mawasiliano ya dharura kwenye bendi hiyo. Urefu wa waya wote kwa mita ni 143 ukigawanya kwa megahezi: 143 ÷ 7.11 = 20.1, yaani mita 10 na kitu kila upande. Anza na mita 10.4 kila upande. Waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, ule wa uzi mmoja wenye ganda la PVC, unatosha kabisa na unapatikana katika kila duka la vifaa vya umeme. Ganda hilo linaifanya antena iwe ndefu kuliko inavyoonekana, basi usishangae kipimo cha kwanza kikisoma chini. Tuseme NanoVNA, kifaa kidogo cha kupima antena, inaonyesha antena imekaa 6.80 MHz. Piga hesabu: 10.4 × 6.80 ÷ 7.11 = 9.95. Punguza sentimita 45 kila upande, lakini usikate: kunja mwisho wa waya, uzungushe juu yake wenyewe, pima tena. Kipande ulichokikata hakirudi, na antena hii itafungwa kwenye miti mingine wiki ijayo ambako kipimo kitasogea. SWR (kipimo cha nguvu zinazorudishwa na antena) ya 1.5 inatosha. Kuipoteza alasiri nzima ukiitafuta 1.1 ni mchezo wa watu wasio na kazi.

Pale katikati, koaksia (kebo inayotoka kwenye redio hadi antena) izungushwe zamu 6 hadi 8 zenye kipenyo cha sentimita 24 hivi, kisha ifungwe kwa tepu, ili mkondo usirudi nje ya koaksia hadi kwenye kipaza sauti. Dalili ya kukosa koili hiyo ni redio kujizima au sauti kukwaruza kila unapopandisha nguvu. Ncha za dipole zina volti kubwa wakati wa kurusha. Zikae juu ya mita 2.5, mbali na mikono ya watoto. Vishikio vya ncha unaweza kuvikata kwenye bomba la PVC. Kamba iwe ya nailoni, maana ya katani inalowa, inaoza, na asubuhi moja waya umeshuka hadi kwenye migomba.

Mita 40 haifanyi kazi saa zote. Mchana huku kwetu karibu na ikweta inakwenda vizuri, na mara nyingi hata usiku wa mapema. Baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi na Septemba, sauti inaweza kupepesuka na kufifia bila mpangilio. Hapo ongea polepole na urudie, usibadilishe antena. Tatizo kubwa ni kuanzia saa 9 usiku hadi alfajiri. Ionosfia inakuwa imepungua nguvu, na dalili yake ni hii: vituo vya mbali unavisikia vizuri, Mbale imepotea. Usiongeze wati, hazisaidii. Hamia 3760 kHz, ambayo inahitaji waya wa mita 38 kwa jumla, yaani kila upande unaunganisha mita 9 nyingine kwa kibanio. Hiyo bendi ya mita 80 ina kelele nyingi za radi kwetu, kwa hiyo ni ya kukimbilia, siyo ya kuanzia.

Tukitaja radi: Juni 2011 iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Waya wa mita 20 uliotundikwa juu ya shule au kituo cha afya haupaswi kuachwa umeunganishwa. Kuzima redio hakutoshi. Chomoa koaksia, itoe nje ya dirisha, iache chini mbali na ukuta. Ukisikia ngurumo tu, kituo kinafungwa, na kila mtu kwenye neti (vituo vinavyoongea kwa zamu kwenye masafa mamoja) aelewe kuwa kukaa kimya kwa saa moja wakati wa mvua si ajali.

Sasa umeme, ambako vituo vingi vinakufa. Redio ya wati 100 inakula ampea 1 hivi ikisikiliza na ampea 20 hivi ikirusha kwa nguvu zote. Ishushe hadi wati 50. Kwa SSB, mtindo wa kurusha sauti kwenye HF, wastani wa wakati wa kusema ni kama ampea 6. Ukisema dakika 6 katika kila saa, unatumia Ah (ampea-saa) 0.6 kwa kurusha na 0.9 kwa kusikiliza, jumla 1.5. Kwa saa 24 ni Ah 36. Betri ya asidi ya Ah 100 inafaa, ukiitumia nusu tu ili isiharibike. Ya lithiamu, LiFePO4, ya Ah 50 nayo inafaa, ukiitumia asilimia 80. Tofauti ni kwamba ya kwanza ina uzito wa karibu kilo 30 na ya pili karibu 6, na ni moja tu kati ya hizo inayopanda boda kwenda Bududa bila ugomvi.

Kosa linalojirudia ni waya mwembamba kati ya betri na redio. Mita 3 za waya wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi ni mita 6, zinapoteza karibu volti 0.9 kwa ampea 20. Redio nyingi zinataka volti 13.8 na zinavumilia hadi 11.7 hivi. Betri ya asidi iliyoshuka hadi 12.2 inaifikishia redio 11.3, na redio inajizima katikati ya neno, kisha inawaka tena unapoachia kitufe. Mtu analaumu redio. Weka milimita 6 na upotevu unashuka hadi chini ya volti 0.4. Fyuzi ya ampea 25 au 30 ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu kinacholindwa ni waya.

Paneli ya wati 100 siku ya jua zuri inarudisha kama Ah 25. Siku ya mawingu mazito, ambayo ndiyo siku ya maporomoko, usitegemee hata theluthi yake. Halafu kuna vidhibiti chaji vya MPPT vya bei rahisi ambavyo vinajaza mita 40 kwa mngurumo. Kabla ya kununua vingi, sikiliza bendi, funika paneli kwa blanketi, sikiliza tena. Kelele ikiondoka umempata mwizi.

Ndani ya eneo la tukio lenyewe, simu za upepo za VHF zinatosha. 145.500 MHz ni masafa ya kuitana. Mkishapatana hamieni mengine. Antena ile ya mpira iliyokuja na redio ni ya kupotezea wati. Tengeneza ya robo wimbi: soketi moja ya SO-239, waya wima wa sentimita 49, na waya nne za sentimita 52 zikiinamishwa chini nyuzi 45. Koaksia ya RG-58 ya mita 20, ambayo kwenye HF ilikuwa sawa, hapa inameza zaidi ya nusu ya nguvu zako, basi ifupishe au utumie RG-213. Na usiijenge mipango yote juu ya ripita, kituo kinachopokea na kurusha upya, kwani nayo ina betri na mnara. Katika mabonde ya Elgon mtu mmoja mwenye redio ya wati 5 aliyekaa ukingoni, mahali kama Wanale juu ya Mbale, anapokea na kurudia ujumbe wa walio chini vizuri kuliko mitambo mingi.

Setilaiti ya QO-100, yenye mitambo ya redio ya ridhaa, nayo inaonekana kwetu karibu utosini, nyuzi 82 kutoka upeo wa macho ukiwa Kampala. Ni chombo kizuri, ila mawimbi yake yanayoshuka, ya 10 GHz, yanafifia mvua inaponyesha kwa nguvu. Iwe ya akiba.

Redio ikishafanya kazi, kinachovunjika ni ujumbe. Kila ujumbe uandikwe kwenye fomu kabla ya kitufe kubonyezwa: namba, uzito wake (dharura, haraka au kawaida), kituo kilikotoka, idadi ya maneno, mahali, saa na tarehe, unakwenda kwa nani, maandishi, na jina na cheo cha anayetuma. Chapisheni vitabu vyenye nakala mbili pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Mfano, kwa kifupi:

Namba 7. HARAKA. Kituo cha Bududa. Maneno 21. Barabara imekatika darajani. Magari hayapiti. Watu 40 wamo shuleni. Wanahitaji maji lita 600, turubai 10. Njia ya juu inapitika kwa miguu.

Anayepokea anahesabu. Akipata 20 anajua kuna neno limepotea, anaomba. Bila hesabu hiyo, "turubai 10" inapotea na hakuna anayejua kuwa ilikuwapo. Tarakimu zisomwe moja moja, lita 600 iwe "sita, sifuri, sifuri", kisha mpokeaji azirudie. Kwenye SSB yenye kelele "nne" na "nane" zinafanana, "tatu" na "tano" pia. Penye shaka hesabu kutoka moja: "moja, mbili, tatu, nne, tano, tano."

Saa ndiyo mtego mbaya zaidi. Mwenyekiti wa kijiji akisema daraja lilikwenda saa mbili, anaweza kuwa na maana ya asubuhi saa 8:00 ya simu, na afisa wa Kampala akaandika 02:00. Kwenye fomu andika UTC yenye tarakimu nne, ukiondoa saa 3 kwenye saa ya simu. Saa mbili asubuhi ni 0500. Saa tatu usiku ni 1800. Bandikeni jedwali hilo kwenye kifuniko cha sanduku la redio.

Kwa ujumbe mrefu JS8Call, programu ya kutuma maandishi kwa redio, kwenye 7078 kHz inapenya pale sauti inaposhindwa, mradi saa ya kompyuta haijakosea zaidi ya sekunde 2. Intaneti ikiwa imezima, chukua saa kwenye GPS.

Leseni ni ya UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kwa kila mwendeshaji, na alama za kuitana za Uganda zinaanza na 5X. Redio ya ridhaa haifichi maneno kwa msimbo, kwa hiyo kila mwenye kipokezi anasikia. Majina ya waliofariki hayasomwi hewani. Tuma idadi, majina yaende kwa karatasi. Na klabu ijulikane mapema kwa kamati ya maafa ya wilaya, tawi la Msalaba Mwekundu na kituo cha uratibu cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Mgeni anayejitokeza na antena siku ya tukio anaonekana mzigo.

Zoezi lenyewe liwe la saa 24, umeme wa nyumba ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu tangu mwanzo. Mratibu awe na bahasha kadhaa zilizofungwa: "koaksia imekatika", "mwendeshaji mkuu ameondoka", "betri namba 1 imeibwa". Azifungue bila kutoa taarifa. Ujumbe wa maneno 25 uliosomwa kwa kasi ya kuandika unapaswa kumalizika ndani ya dakika 3, pamoja na kurudiwa. Ukizidi hapo mara kwa mara, mpe kipaza sauti mtu mwingine, hata kama redio ni ya yule wa kwanza.