Na ya Kutolea

Julai 2019 nilirudi Ujiji kupaua nyumba ya mama. Nilikuwa Leicester, Uingereza, mwaka wa sita, kwanza naosha vyombo hotelini, kisha ghala la nguo. Kila mwisho wa mwezi nilimtumia pauni 100, wakati ule kama laki mbili na themanini, naye hakuacha kunikumbusha: "Baba, usisahau ya kutolea."

Nilikuja na kadi tu. Mwaka ule maduka mengi ya kubadilisha fedha yalikuwa yamefungwa, noti za kigeni nikaona ni usumbufu. ATM ya pale Kigoma mjini ikanipa laki nne. Fundi alitaka milioni, nikarudia papo hapo. Ikagoma.

Nikaipigia benki nikiwa chini ya mwembe, Barabara ya Lumumba, kwa simu ya mdogo wangu. Vocha ya elfu tano ikaishia kwenye muziki wa kusubirisha. Ya pili ikanipatia dada mmoja mpole mno: wameona pesa inatolewa Tanzania, wakahisi kadi imeibwa. Watanitumia namba kwenye simu yangu niwasomee, kadi ifunguliwe. Laini hiyo ilikuwa kwenye droo, Leicester. Niliiacha kwa akili zangu timamu, eti huku haina kazi.

"Basi fika na pasipoti kwenye tawi lako." Nikatazama chini, stesheni ya reli, na ziwa nyuma yake.

Nyumbani nikanyamaza. Fundi aliyekuwa akiniita bosi, siku ya tatu akaniita kijana. Jioni hiyo nikamweleza mama.

Hakujibu. Aliinama, akafunua shuka. Uvunguni madumu ya njano ya lita ishirini, yamelazwa kama watoto, midomo imefungwa kwa nailoni. Nilihesabu kumi na saba. Mawese.

"Ulidhani laki zako nazila zote?"

Kumbe hununua yakifurika, huuza yakiadimika. Na mimi, mwenye programu ya benki inayonionyesha hata senti ya chai imekwenda wapi, sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake alikuwa sokoni na madumu yake tangu alfajiri, mimi Mwanga, duka la bati, nimeshika simu ya mdogo wangu. Saa nne ujumbe ukaingia: laki sita na kitu. Sijamaliza kusoma, akapiga.

"Imefika, baba? Hesabu vizuri. Nimeweka na ya kutolea."