Bawaba haivunjiki, mbao ndo inayoachia

Wiki moja kabla ya Ramadhani mlango wa mashine yangu ya gemu ulitoka. Haukuvunjika, ulitoka, bawaba ya juu ikabaki inaning'inia na skrubu zake zote nne, na kila skrubu meno yamejaa unga wa mbao kama imechomolewa kwenye gunia la sembe.

Kwa wasojua, hapa nyumbani Kikwajuni, Zanzibar, natengeneza mashine ya gemu ya kusimama, zile za zamani unasimama mbele yake unashika joistiki, za enzi za Pac-Man ya 1980 na Street Fighter II ya 1991. Ndani nimetia tivii ya chogo ya inchi 21 na kikompyuta cha Raspberry Pi, na nyuma kuna mlango, na huo mlango ndo uloninyima usingizi. Ni MDF, ubao wa mbao za kusagwa, wa milimita 18, upana sentimita 60, urefu 120, wenyewe peke yake unafika kilo 9 na nusu hivi, alafu miye nikaubebesha amplifaya na betri ya akiba mana umeme ukikatika watoto wanalia, jumla kilo 14. Na lazima ufunge sawasawa, sio pambo, tivii ya chogo hata ukiizima na waya ukachomoa ndani inaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti, na nyumba hii ina watoto.

Mtoto wa dada yangu, kilo 20 hivi, ndo aloushika ule mlango kwa ncha yake ya mwisho akajiegemeza achungulie ndani. Alhamdulillah nilikuwa karibu nikaudaka.

Miye nikajua bawaba mbovu. Nikenda Darajani nikanunua kubwa zaidi, chuma kinene kabisa, nikampelekea ami yangu, seremala, umri wake wote kashika randa. Hakuzitazama. Alitia kidole kwenye tundu la skrubu kwenye ule mlango, akakizungusha, kikatoka cheupe. "Mwanangu, hata ukitia bawaba ya lango la ngome, hapa itashika nini?"

Na ni kweli, zile bawaba za mwanzo hata moja haikupinda. MDF ni nyuzi za mbao zilosagwa zikagandishwa kwa gundi, haina uzi mrefu kama mninga, ukikaza skrubu ubavuni, pale kwenye unene, inafunguka tabaka tabaka, na ukiitoa ukairudisha mara mbili tatu basi tundu limekwisha.

Alafu kuna umbali, na hapa nawaomba mnisikilize mana naona watu wengi wanakosea kama nilivokosea. Nilizitia bawaba mbili na baina yake sentimita 40 tu. Mlango ukiwa wazi unataka kuanguka mbele, bawaba ya chini inasukumwa, ya juu inavutwa itoke. Hesabu yake nyepesi, chukua uzito, zidisha umbali wake kutoka kwenye bawaba, gawa kwa nafasi ilopo baina ya bawaba. Kilo 14 mara sentimita 30, mana nusu ya mlango ndo katikati ya uzito, gawa 40, bawaba ya juu inavutwa kwa kilo 10 na nusu. Tia na mtoto wa kilo 20 alokamata kule mwisho, sentimita 60, ni kilo 30 nyengine. Kilo 40 na nusu kwenye skrubu nne zilokaa kwenye unga! Sasa zitenganishe bawaba zifike sentimita 90, mtoto yule yule mlango ule ule, inashuka mpaka 18.

Jioni moja ami akanichukua mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini, akanionesha mlango wa zamani. Milango yetu mingi ya Mji Mkongwe haina bawaba kabisa, ubao una ncha mbili, juu na chini, zimeingia kwenye tundu za vizingiti na mlango unazunguka juu ya ncha zake. Uzito wote unashuka kwenye kizingiti cha chini, hakuna skrubu inayobeba kitu. Nilichutama pale kizingitini, ile ncha ya chini imelika ikawa mviringo na inang'aa kama punje ya tasbihi. Nilitaka niige, wallahi nilitaka, lakini sanduku langu halina kizingiti kinene cha kuchimba tundu.

Bawaba za kabati la jikoni, zile za tundu la milimita 35, sikuzitaka, nazo zinashika kwenye MDF ile ile. Mashine nyingi za asili mlango wa nyuma hauna bawaba, unaunyanyua mzima unautoa, lakini wangu una waya za spika na ukumbi wetu mwembamba, nitauweka wapi?

Kwaiyo nimechukua bawaba ndefu ya mkanda, inayokwenda urefu wote wa mlango, skrubu zimepangana toka juu mpaka chini. Na haikazwi kwenye MDF, tumepasua vipande viwili vya mninga, kimoja kwenye mlango kimoja kwenye fremu, gundi na bolti zinazotokea upande wa pili, alafu keekee kwanza tundu jembamba ndo skrubu. Nimechukua ya stenlesi na skrubu zake za stenlesi. Ukipenda ya shaba nzuri pia ila usiikaze kwa skrubu za chuma, chuma ndo kitaliwa na kutu mwanzo, na hewa yetu hii ya chumvi haisubiri mtu. Betri nimeishusha chini ya sanduku, kilo mbili na nusu zimeondoka, na mnyororo mfupi unauzuia mlango usipitilize.

Jana baada ya tarawehe tumeutia. Ami akaukamata kule mwisho akaulalia kwa mkono, haukusogea. Akaufungua nusu akauachia, ukasimama pale pale alipouacha, akasema bas, umesimama wima. Kitasa bado, kesho Darajani tena, Idi ikifika watoto waukute umefungwa na ufunguo niwe nao miye.