Siku Moja ya Mpiga Gitaa la Ridhimu

Saa 12 asubuhi. Gitaa liko mapajani, metronomu, kile kifaa cha kugonga mwendo, nimeiweka mapigo 40 kwa dakika. Watu wengi wakisikia mazoezi hufikiria mbio, kumbe shughuli iko kwenye mwendo wa pole. Kati ya pigo na pigo pana uwanja mpana wa kuwahi au kuchelewa. Nikigonga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, mahali pake hasa, mlio wa metronomu unamezwa na nyuzi, siusikii kabisa. Ukisikika pembeni, nimekosea.

Saa 3. Mwanafunzi. Vidole vyake vyepesi balaa, solo nzima kaimaliza bila kukwama. Nikamwambia apige noti moja tu, avute waya mpaka sauti ipande hatua nzima, kisha aitikise. Haikufika, ikabaki chini kidogo, na mtikiso wenyewe ulikuwa wa wasiwasi. B.B. King, mpiga gitaa wa blues, hakuwa mtu wa kodi nyingi, lakini noti moja yake ilitosha kumtambulisha. Kijana akalalamikia vidole vyake vifupi. Nikampa habari za Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazz: mwaka 1928 aliungua moto, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikalemaa, na solo zake akawa anazipiga hasa kwa viwili vilivyobaki. Akacheka, lakini gitaa akalishika upya.

Saa 6 mchana. Nyuzi mpya, chakula, basi.

Saa 8. Studio, na hapa ndipo siku ilipokuwa tamu. Mwenzangu wa solo aliusikiliza wimbo mwanzo mpaka mwisho, mikono kifuani, kisha akauliza mwimbaji anapumua wapi. Alipoanza kupiga, alijaza pale tu mwimbaji aliponyamaza. Nilimkodolea macho mkono wa kulia: ukingo wa kiganja umelalia nyuzi asizozihitaji, hakuna waya unaolia kivyake. Mtu mzuri anajua apige nini. Huyu alikuwa ameshaamua asipige nini, na hilo sijui linafundishwaje. Freddie Green, mpiga ridhimu kama mimi, alikaa katika orkestra ya jazz ya Count Basie tangu 1937 hadi alipofariki 1987, solo zake ni za kutafuta kwa tochi, na bado wanamuziki wanamchambua alivyoshika mwendo.

Saa 12 jioni. Kubeba spika. Hakuna umahiri hapo, ni mgongo tu.

Saa 3 usiku. Jukwaani. Mpiga ngoma anakimbia, namvuta kwa mkono wa kulia, taratibu, bila kumtazama. Katikati ya solo, waya wa kwanza wa mwenzangu ukakatika. Akahamia waya wa pili, freti tano mbele (vile vyuma vya shingoni mwa gitaa), sauti ileile, sentensi ya muziki haijakatika. Watu wanacheza tu. Wimbo ulipokwisha ndipo akanigeukia na kuniuliza kama nina waya wa akiba.